Chuma cha Nje, Chuma cha Ndani

Waliokulia Bombolulu, Mombasa, enzi zetu waliwatambua watu kwa mlio wa hatua zao kabla ya kuwaona. Tuktuk zilikuwa hazijaingia, barabara ya Malindi haikuwa na kelele za leo, na asubuhi wafanyakazi wa karakana waliposhuka kwenye basi ungesikia chuma kikigonga lami, kisha gongo, kisha unyayo ukiburutwa, kisha chuma tena. Kila mmoja na mwendo wake. Shangazi yangu alikuwa kitengo cha mapambo, na jioni akitokea upande wa steji sisi watoto tulikuwa tushaukimbilia mkoba wake hata kabla hajapinda kona.

Karakana ile ilianzishwa mwaka 1969 na chama cha walemavu wa viungo, APDK, ambacho chenyewe kiliundwa mwaka 1958. Walitengeneza mikufu na hereni za shaba, shanga na vifuu vya nazi, walishona, walichonga mbao, walikata ngozi, na ubavuni mwao mafundi wengine waliunda viti vya magurudumu. Kilichowakutanisha wengi wao pale ni polio. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980. Waliozaliwa miaka ya 50 na 60 uliwakuta wameshapooza. Shangazi alishikwa na homa akiwa bado ananyonya, na homa ilipoondoka ikaondoka na nguvu za mguu wake wa kushoto.

Mguu huo aliuvalia vyuma. Watoto wa siku hizi hawajaviona, kwa hiyo nitavieleza. Ni fito mbili za chuma, moja kila upande wa mguu, kutoka juu ya paja hadi kwenye kiatu. Chini zimepinda kuingia kwenye tundu la kisigino. Juu kuna pete iliyofunikwa ngozi inayobeba uzito wa mwili, na katikati, kwenye goti, kuna kifungo kinachoteremshwa kwa kidole ili goti lisikunjike mtu anapotembea, na kupandishwa anapotaka kuketi. Kifungo kile kililia *tak*, na ndiyo sauti niliyoijua zaidi nyumbani kwetu. Mikanda ya ngozi ililowa jasho la pwani, ikakakamaa, ikapasuka. Kisigino kililika upande mmoja. Mtoto akirefuka, vyuma vinamfupikia. Mtu mzima akinenepa, pete inamchuna.

Kwa sababu hiyo vyuma vilimrudisha mtu kwa fundi, apende asipende. Mkanda ukikatika, mwenzake wa kitengo cha ngozi aliushona siku ileile kwa uzi uliopakwa nta. Fito ikipinda, safari ni ya kwa mafundi wa Port Reitz, ng'ambo ya kisiwa, Changamwe. Kabla ya daraja jipya la Nyali kufunguliwa mwaka 1980, safari hiyo ilimaanisha kuvuka lile daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931, ambalo lilipanda na kushuka na maji, na maji yakitoka sana basi liliteremka mteremko ambao abiria mwenye magongo aliuhisi kiunoni. Hata hivyo walikwenda. Kule walikuta karani mwenye daftari kubwa, na humo yumo kila mtu: mguu gani, urefu gani, kiatu namba ngapi, mara ya mwisho alikuja lini. Shangazi akikawia, kliniki ya kuzunguka ilipofika upande wetu ilimuulizia kwa jina lake na la babake.

Nasisitiza hilo la daftari kwa sababu ndilo ninalolililia. Vyuma vyenyewe silii kuvikosa. Vilikuwa vizito, vilichubua, na havikumponya mtu.

Tena vilikuwa na deni lake. Mtu mwenye mguu mmoja dhaifu huutegemea mwingine kwa kila jambo: kupanda ngazi ya basi, kuinuka kitini, kusimama foleni. Mguu mzima wa shangazi ulifanya kazi ya miguu miwili kwa miaka mingi, na nyonga yake ndiyo iliyolipa. Kwanza alilalamikia kinena, kisha paja, kisha goti ambalo halikuwa na kosa lolote, maana maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza gotini. Watu wakasema baridi yabisi. Akapakwa mafuta ya kila aina. Picha ilipopigwa, daktari akamwonyesha kwamba ile nafasi nyeusi iliyopaswa kuwa kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake haipo tena. Gegedu limelika, mfupa unasaga mfupa.

Akauliza, "Sasa daktari, yanifaa nini?"

Akaambiwa Ulaya nyonga hubadilishwa. Hapa kwetu wakati ule neno hilo lilikuwa sawa na kumwambia mtu dawa yake iko mwezini. Baada ya mwaka 1997, fujo za Likoni zilipowafukuza watalii na mapambo yakakosa wanunuzi, hata nauli ilikuwa ya kuhesabiwa. Shangazi alimalizia miaka yake kwenye kiti cha magurudumu cha aina ileile waliyoiunda jirani zake wa karakana. Mguu uliomkalisha ulikuwa ule mzima.

Ninalolijua leo, na linaloniuma, ni kwamba tiba aliyoambiwa iko Ulaya ilikuwa imeshakuwa kongwe wakati ule. Mnamo mwaka 1891 Themistocles Glück alijaribu Berlin kuweka nyonga ya pembe ya ndovu, bidhaa ambayo bandari za pwani hii zilikuwa zikiisafirisha enzi hizohizo. Mwaka 1940, Carolina Kusini huko Marekani, Austin Moore alishiriki kumwekea mtu kichwa cha paja cha chuma. Baadaye akaunda shina, ile sehemu inayoingia ndani ya mfupa wa paja, lenye madirisha ili mfupa uotee humo. Kifaa chake ndicho wazee wengi wa Afrika Mashariki waliovunjika shingo ya paja walichowekewa, na hakikuhitaji simiti. Kisha Novemba mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, John Charnley akaweka nyonga kamili ya aina mpya: kichwa kidogo cha chuma, kikombe cha plastiki ngumu, na vyote viwili vikashikizwa mfupani kwa simiti ya akriliki iliyotokana na kazi za madaktari wa meno. Watu waliokuwa hawawezi kufunga viatu wakarudi mashambani.

Simiti ile inafanya kazi hadi leo, na kwa wazee mara nyingi ndiyo bora. Rejista za nchi zinazohesabu nyonga zinaonyesha kwamba aliyevuka miaka sabini na ushei, mwenye mifupa dhaifu, hupasuka mfupa mara chache zaidi akiwekewa shina la simiti. Lakini kwa vijana nyonga za mwanzo zilianza kulegea baada ya miaka, na mfupa uliozizunguka ukawa umeliwa matundu. Lawama ikabebeshwa simiti, hata ukapewa ugonjwa jina lake. Ndipo wakaunda nyonga isiyo na simiti. Walijifunza kutoka kwa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, ambaye katika miaka ya 50 aliona titani iking'ang'aniwa na mfupa wa sungura hata haitoki. Shina la titani likapewa ngozi yenye vinyweleo, au likapakwa madini yaleyale yaliyo ndani ya mfupa, haidroksiapataiti, kama alivyofanya Ronald Furlong wa London mwaka 1985. Daktari hulichonga tundu la mfupa kwa tupa, kubwa baada ya ndogo, kisha hulipigilia shina lililozidi tundu kwa kiasi kidogo mno. Likikaa kimya, mfupa huota na kulishika ndani ya wiki 6 hadi 12. Likichezacheza kwa zaidi ya milimita 0.15, kinachoota ni nyama ya kovu, na hiyo haishiki kitu.

Ilichukua muda kutambua kwamba mharibifu mkubwa hakuwa simiti. Vumbi la plastiki, linalosagika kila hatua kutoka kwenye kikombe, ndilo linaloufanya mwili ule mfupa wake wenyewe. Nyonga isiyo na simiti nayo ina kikombe, nayo ina vumbi. Plastiki mpya zilizoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 90 zinasagika kidogo sana kuliko zile za zamani, ila si kila nyonga iliyoletwa huku inazo.

Haya niliyajua kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye hakupata polio. Kizazi chao kilitiwa matone mdomoni. Yeye ana siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Damu hii ni ya kwetu hasa. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchi akipima damu za watu, akaona kwamba alama ya siko seli imejaa pwani na kandokando ya ziwa, na kwenye nyanda za juu ni adimu. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipia kinga ya wengine. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja, ambacho hulishwa na mishipa myembamba, hufa njaa. Kikishakufa hubonyea.

Mdogo wangu alianza kuchechemea kabla ya kumaliza chuo. Jioni moja nilimwona akitokea steji akiburuza mguu, na mama akasema kwa sauti ya chini, "Huyo si shangazi yako huyo." Tukaapa kwamba huyu hatakaa kitini.

Na hakukaa. Kilichokuwa mwezini zamani sasa kiko Mombasa. Wapo mabingwa wa mifupa, vipo vifaa. Bei ni laki kadhaa, na bima ya taifa ilibeba sehemu tu. Tukafungua kundi la WhatsApp, ndugu wakatuma kwa M-Pesa, msikiti ukachanga, wenzake wa chuo wakachanga. Kwa umri wake wakachagua nyonga isiyo na simiti. Kwa wagonjwa wa siko seli ni uamuzi wenye sababu, kwani nyonga za simiti ziliwaharibikia wengi wao mapema. Ila pana mitego: mfupa wao huwa umekakamaa ndani, tupa yaweza kuutoboa upande, maambukizi huwapata haraka, na lazima wapewe maji, hewa na joto la kutosha ili wasiingie kwenye maumivu makali mezani. Daktari alitueleza yote hayo bila haraka. Namshukuru hadi leo.

Alirudi nyumbani na masharti. Asiketi chini ya usawa wa goti, asipishanishe miguu, asiiname kuokota kitu. Nyumba ya Mswahili yote iko chini, na hilo hulijui mpaka upate mgonjwa wa nyonga. Mkeka uko chini. Jiko la makaa liko chini. Choo cha kuchuchumaa kilibidi kiwekewe kiti. Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa kuwa mapishi ndiyo riziki yake. Fundi seremala wa mtaani akamuundia mbuzi ya kusimamia, iliyofungwa kwenye meza, na hadi leo anakunia hiyo. Swala aliisali kitini. Mwezi wa tatu alitembea hadi steji bila gongo. Mwaka uliofuata alicheza harusini, na mama alilia mbele za watu.

Miaka miwili ya kwanza aliitwa kliniki. Halafu daktari akahamia mji mwingine, kliniki ikabadilisha siku, na hakuna aliyemwita tena. Naye angerudi kufanya nini? Hakuwa na maumivu. Hakuna mkanda uliokatika, hakuna kisigino kilicholika, hakuna *tak* iliyogoma. Chuma cha shangazi kilikuwa nje na kilipigia kelele kila hitilafu yake. Cha mdogo wangu kiko ndani na kinasagika kimyakimya. Mfupa unaweza kuliwa kwa miaka bila mwenyewe kuhisi kitu, mpaka siku shina linapolegea au kikombe kinapohama, na siku hiyo mfupa wa kushikia chuma kipya umeshapungua.

Kwake tulibahatika kwa ajali. Miaka saba au minane baada ya upasuaji tuktuk ilimwangusha karibu na steji ya Bombolulu, hakuvunjika, lakini daktari wa zamu akampiga picha kwa usalama. Niliitazama ile picha mwenyewe. Shina lilikuwa limeshikwa vizuri ajabu. Mfupa umelikumbatia pande zote, na ukitazama kwa makini unaona nyuzi za mfupa zikiishia kwenye ile sehemu yenye vinyweleo. Wanaouliza kama nyonga isiyo na simiti inashika, jibu lilikuwa pale, jeupe. Juu yake, hata hivyo, kichwa cha chuma hakikuwa tena katikati ya kikombe. Kilikuwa kimepanda kidogo upande mmoja, ishara kwamba plastiki imelika, na nyuma ya kikombe kulikuwa na doa jeusi mahali ambapo pangepaswa kuwa na mfupa.

Bingwa mpya alisema habari hiyo si mbaya. Kikombe cha aina hii ni cha sehemu mbili: ganda la chuma lililoshikwa na mfupa, na plastiki ya ndani inayochomolewa. Ganda liko imara, shina liko imara. Inatosha kubadilisha plastiki na kichwa, na kujaza mfupa palipoliwa. Kisha akauliza, "Ni nyonga ya kampuni gani? Saizi gani?"

Hatukujua. Plastiki ya kampuni moja haiingii kwenye ganda la nyingine. Kila kipande cha nyonga bandia huja na stika zenye jina, saizi na namba ya shehena, na stika hizo hubandikwa kwenye faili la mgonjwa siku ya upasuaji. Tulirudi hospitali ile, nisiyoitaja, tukaambiwa mafaili ya miaka hiyo yalihamishwa ghalani, tukaambiwa turudi, tukaambiwa ghala liliingia maji. Pasipo jina, huenda ganda lililoota na mfupa likabidi kung'olewa pamoja na mfupa uliolishika, kwa kukosa karatasi ya ukubwa wa kidole gumba. Bingwa amepeleka picha kwa wenzake wajaribu kuitambua kwa umbo. Mdogo wangu anapigwa picha kila baada ya miezi sita na tunasubiri.

Kinachonisikitisha ni kwamba kazi hii haihitaji utajiri. Uswidi ilianza rejista yake ya nyonga mwaka 1979, Uingereza mwaka 2003. Lakini Malawi nayo, nchi isiyotuzidi kwa mali, ilianza ya kwake mwaka 2005. Kwa madaftari kama hayo ndivyo dunia ilivyojua kwamba nyonga 58 hivi kati ya 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25, kama ulivyoonyesha uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019. Kwa madaftari kama hayo Uingereza iliweka kipimo mwaka 2014 kwamba nyonga ya kupendekezwa ni ile ambayo hazizidi 5 kati ya 100 zinazohitaji kubadilishwa ndani ya miaka 10. Na ni rejista ya Australia iliyoona mapema kwamba nyonga moja ya chuma kwa chuma, ASR, inaharibika kuliko wenzake, kabla haijaondolewa sokoni duniani kote Agosti 2010 ikiwa imeshawekwa kwa watu wapatao 93,000. Daktari mmoja mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kuliona hilo chumbani mwake. Linaonekana kwenye daftari lililojaa.

Pwani tulikuwa nalo daftari la namna hiyo, la vyuma vya shilingi chache. Karani aliliandika kwa kalamu ya wino, na mtu akikawia aliulizwa. Leo tuna titani ya laki kadhaa ndani ya watu wetu na hakuna anayeuliza wako wapi. Sidhani kama waliomhudumia mdogo wangu hawakujali. Naamini hakuna aliyepewa kazi hiyo, na kazi isiyo na mwenyewe haifanywi.

Kwa hiyo naziomba kaunti zetu na hospitali zinazobadilisha nyonga, za umma na za binafsi, zimteue mtu mmoja katika kila hospitali kwa kazi hii: aandike kila nyonga inayowekwa, na ampigie simu mgonjwa mwaka wa kwanza, wa tano, wa saba na wa kumi. Nawe msomaji, kama umewekewa nyonga au umemuuguza aliyewekewa, usingoje kupigiwa. Nenda hospitali wiki hii uombe stika za nyonga yako, zipige picha kwa simu, mtumie ndugu mmoja azihifadhi. Kisha panga siku ya kupigwa eksirei, hata kama huumwi popote.